Ruzuku ya Pombe Iliyozaa Njia ya Ng'ombe

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa idara, mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu hapa Mbulu, na kila nikiitazama najiuliza mlitaka niwahi wapi. Kisha mmoja wenu, yule mrefu anayependa kuuliza maswali wakati watu wanangoja pilau, akasema, "Mama Naomi, tuandikie basi, miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini hasa?" Wengine mkacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo nimejiuliza mara nyingi. Basi naandika. Vyeo na mishahara naviruka: vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kuisha, na hayo mnayajua wenyewe. Nitakaa zaidi kwenye habari ya ruzuku ya pombe. Ninayo sababu ya kuisimulia mwaka huu, na nitaifikia mwishoni.

Nilianza kazi Katesh, tukiwa bado mkoa wa Arusha na Manyara ikiwa jina la ziwa tu. Nilitoka huku milimani kwenye ukungu, binti wa mkulima aliyekuwa pia mzee wa kanisa, na katika maisha yangu sikuwahi kuonja kilevi chochote. Nilishuka kwenye lori na sanduku langu la bati, upepo wa Katesh ukanipokea kwa kuninyang'anya kitambaa cha kichwa. Nilikuwa nimepangiwa usaidizi katika ofisi ya viwanda vidogo. Kutoka niliposhuka mpaka ofisini nilitazama kushoto na kulia nivione hivyo viwanda. Niliona fundi baiskeli mmoja na mashine ya kusaga iliyoharibika.

Mkuu wangu alikuwa Ndugu Chilewa, Mgogo mwembamba wa makamo, aliyevaa kaunda suti ileile Jumatatu mpaka Ijumaa na kuifua Jumamosi.

"Shikamoo, Ndugu Mkuu."

"Marahaba. Unakunywa pombe?"

"Hapana. Mimi ni Mlutheri."

"Walutheri wengi nawafahamu," akasema bila kuinua macho kwenye gazeti lake la mwezi uliopita. "Lakini vizuri. Aliyekutangulia alikuwa mtaalamu mzuri sana asubuhi. Mchana hakufaa. Sisi hapa kazi yetu kubwa ni wapika pombe, kwa sababu ndicho kiwanda pekee kinachofanya kazi bila kusukumwa."

Akafungua kabati na kunikabidhi kifaa nilichokuja kukitunza miaka mingi, kijiti cha kioo chenye risasi chini na alama ubavuni, cha kupimia ukali wa pombe. Kilikuwa kimefungwa kwenye soksi ya mtoto ili kisivunjike. Siku ya pili nikaenda nacho kilabuni kwa Mama Paskali, mjane aliyekuwa akipika pombe ya mtama nyuma ya soko. Nilikuwa na koti jeupe na adabu ya chuoni. Nikakitumbukiza kijiti kwenye pombe yake, na kwa kuwa kilitengenezewa vinywaji vyepesi vya watu wa mbali, kilisimama wima kwenye ule uzito bila kushuka wala kupanda. Mama Paskali akanitazama kwa huruma.

"Kitoe, mwanangu," akasema. "Kitalewa bure."

Ndugu Chilewa aliposikia hakunicheka. Alinifundisha njia yake, nami nawaachia nyinyi. Ukiingia kilabuni usimwulize mpikaji kama pombe yake ni nzuri, hakuna mama atakayemsema mwanawe. Tazama wazee wamekaa wapi. Pombe ikiwa nzuri, wazee wako karibu na mtungi. Ikiwa mbaya wako karibu na mlango, na ikiwa mbaya kabisa wako nje wakisema wana kazi shamba. Nusa machicha yaliyomwagwa jana, siyo pombe ya leo. Uliza maji yametoka wapi. Kwa njia hiyo niliweza kukagua pombe maisha yangu yote bila kumeza hata funda moja.

Lazima niwaeleze pia habari ya ngano, maana nyinyi mmekuta mabaki tu. Wakati ule mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameshika uwanda wote ulio magharibi ya mlima Hanang. Matrekta yake yalikuwa makubwa kuliko nyumba ya mwalimu mkuu. Ngano ikivunwa ilipakiwa kwenye malori, ikapita katikati ya Katesh na kwenda zake, sisi tukabaki na vumbi. Mkate tuliuona mtu aliporudi safari ya Arusha. Na ardhi ile, kabla ya trekta, ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Yalilimwa malisho, zikalimwa njia za ng'ombe, na mahali pengine hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na jembe. Ukiwauliza wakubwa, walisema uwanda ulikuwa mtupu. Watu na ng'ombe waliokuwa wamejaa humo hawakuingia kwenye hesabu ya utupu.

Sasa ikaja ruzuku. Ulitufikia waraka kutoka juu kwamba fedha za kigeni zimekauka, vinywaji vya kuagiza nje havitakuja tena, na kwa hiyo serikali itatoa ruzuku ya majengo na vifaa kwa watengenezaji wa vinywaji wa hapa nchini. Makundi yalikuwa matatu: bia, mvinyo na vikali. Kila ofisi ilete mradi katika kila kundi. Ndugu Chilewa aliusoma mara moja, akaukunja, akauweka chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikatulia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Waraka mzuri," akasema. "Sasa twende tukatafute mvinyo Hanang."

Tulianza na vikali kwa sababu vilikuwa vya kuchekesha zaidi. Gongo lilikuwa haramu wakati ule, na polisi walikuwa porini kila wiki wakivunja mitambo. Mimi nikatumwa mnadani na kipaza sauti kuwatangazia wapika gongo wajitokeze wasaidiwe na serikali. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Watu waliacha kununua mbuzi wakaja kunitazama. Hakuna aliyejitokeza, isipokuwa mzee mmoja aliyenivuta pembeni na kuuliza kwa upole, "Binti, hiyo ruzuku polisi wanaijua?" Nikamwambia sina hakika. Akanishukuru na kwenda kwenye mbuzi wake.

Kwenye bia niliamini tuna jibu, nikampendekeza Mama Paskali. Hakukuwa na mtu aliyepika vizuri kuliko yeye kati ya Katesh na Singida, na wazee walikaa karibu na mtungi wake mpaka wakamzuia kufagia. Ombi lake lilikataliwa. Masharti yalisema mwombaji awe na sakafu ya saruji. Yeye alikuwa na sakafu ya udongo, na alikuwa anaomba ruzuku ili apate saruji. Nilikwenda kumweleza, nikashindwa kumaliza sentensi. Alinikalisha na kunipa uji, kana kwamba mimi ndiye niliyenyimwa.

Mwisho wakubwa waliamua wenyewe. Jengo moja litajengwa Hirbadaw, lenye sakafu ya saruji na mapipa makubwa ya chuma kisichoshika kutu, na litaitwa kiwanda. Pale hapakuwa na umeme wala bomba la maji, lakini palikuwa karibu na mashamba ya ngano, na wageni waliokuja kuoneshwa ngano wangeweza kuoneshwa na kiwanda kwa safari moja. Kilichobaki ni mvinyo. Ndugu Chilewa, mtu wa Dodoma anayejua zabibu ni nini, alikaa akafikiri, kisha akaandika: mvinyo wa asali.

Ndipo tulipokwenda kwa Mzee Gidabanja, upande wa Gehandu. Alikuwa Mbarabaig mrefu, jicho moja limeingia ukungu, na watu wote wa upande ule walikubali kwamba hakuna aliyejua pombe ya asali kumzidi. Aliiandaa katika vibuyu vikubwa, kwa asali na mzizi anaoujua mwenyewe, akivitunza karibu na moto kama watu wanavyomtunza mzazi. Tulisalimiana kwa kirefu. Kisha Ndugu Chilewa akaeleza kwamba kuna sherehe ya kuzindua kiwanda, kuna Mgeni Rasmi kutoka Arusha, na tunaomba atuletee pombe ya asali ionekane.

"Nani anaomba?" akauliza Mzee Gidabanja.

"Serikali."

"Serikali haiombi. Serikali inachukua."

Ndugu Chilewa akakubali kwamba hilo ni kweli.

"Pombe ya asali haiuzwi," mzee akaendelea. "Haionyeshwi pia, siyo ng'ombe wa mnada. Mtu akiwa na neno anapeleka asali kwa mkubwa. Anasema neno lake mbele ya watu. Mkubwa akikataa, anaacha pembe ya kunywea, hanywi, hakuna ugomvi. Akinywa, amekubali. Huwezi kunywa asali ya mtu halafu umnyime alichoiombea."

"Na wewe una neno?" nikauliza.

Alisimama, tukamfuata mpaka kwenye kilima kidogo, akanyoosha fimbo. Mbele yetu ngano ilikuwa ya kijani mpaka macho yachoke. "Njia ya baba yangu," akasema. "Ilipita pale. Ng'ombe walienda kwenye maji na chumvi, wakarudi jua bado lipo. Sasa wamelima. Nazunguka shamba lote. Ndama hawafiki. Ng'ombe bila chumvi maziwa yanakauka, na mimi nina wajukuu. Nimeenda kwa meneja. Amesema nilete barua. Nimeenda kwa wa barua, amesema niende kwa meneja."

Tukarudi kwenye kivuli. Mzee akasema ataleta asali. Lakini alinigeukia mimi, siyo mkuu wangu, akaweka sharti. "Binti, wewe hunywi. Kichwa chako kizima. Umwambie huyo mkubwa kabla. Asiseme hakujua."

Nilikubali, na nilitimiza. Siku ya uzinduzi nilipandishwa Landrova ya Mgeni Rasmi pale Katesh ili nimweleze ratiba. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kupendeza. Nilimweleza kuhusu kukata utepe, kuhusu kwaya ya shule, na kisha nikamweleza pembe ya asali, polepole, kama nilivyoelezwa. Nikasema, "Ndugu Mgeni Rasmi, ukinywa umekubali. Kama hutaki unaruhusiwa kuacha, wao hawatakasirika."

Alicheka mpaka dereva naye akacheka. "Ndugu Naomi, mimi nakubali kila kitu. Ndiyo kazi yangu."

Niliona nimefanya wajibu wangu.

Kule Hirbadaw mapipa yalikuwa yameng'arishwa mpaka watoto wakajiangalia meno. Ndani hayakuwa na kitu. Pampu ilikuwa haijafika, na kifaa cha kuiunganisha kilikuwa kimepelekwa mkoa mwingine kwa makosa. Asubuhi ile Mama Paskali alikuwa ameletwa na lori pamoja na madumu yake, akapitishwa mlango wa nyuma, akalijaza pipa la mbele. Alipomaliza alijifuta mikono akatazama chini. "Leo pombe yangu imepata saruji," akasema, kisha akaenda kukaa na akina mama. Mgeni Rasmi akakata utepe, akafungua koki, akaonja, akatangaza kwamba kila mtu sasa anaona tofauti kati ya pombe ya kienyeji na pombe ya kiwandani. Wazee wa Katesh waliopanda lori kuja kuona walitambua ladha mara moja, wakasogea karibu na pipa.

Halafu akaja Mzee Gidabanja na wazee wenzake, shuka zao mabegani, kibuyu kimebebwa na watu wawili. Watu wakawapisha. Hata kwaya ilijua kwamba hiki siyo kipengele chake. Mzee akamimina kidogo chini, akajaza pembe, akasimama mbele ya meza ya Mgeni Rasmi na kusema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Nimeleta asali. Naomba njia ya ng'ombe wangu, kwenda kwenye maji na chumvi. Njia ya baba yangu. Imelimwa. Naomba irudi."

Meneja wa shamba alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka Mgeni Rasmi. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini Mgeni Rasmi alikwisha kusimama. "Mzee wangu, ombi lako nimelipokea, na litashughulikiwa," akasema kwa ile sauti nzuri, akapokea pembe.

"Kunywa mpaka chini," mzee akasema.

Akanywa mpaka chini. Pombe ya asali ya Mzee Gidabanja, kwa wanaojua, siyo kitu cha kuachia katikati. Akafuta mdomo, akatazama kibuyu, akanyoosha pembe ijazwe tena. Wazee wakatazamana. Mzee Gidabanja akajaza, na kabla ya kumpa akasema, "Hii ya pili ni ya njia ya kurudi. Ng'ombe wakienda lazima warudi." Mgeni Rasmi akasema hilo ni jambo la maana, akanywa na hiyo.

Ndugu Chilewa alikuwa amesimama kando yangu. "Naomi," akaninong'oneza, "kiwanda kimeanza kuzalisha."

Kesho yake asubuhi ng'ombe wa Mzee Gidabanja waliingia kwenye ngano. Hawakutawanyika. Walipita mstari mmoja, mahali palepale njia ilipokuwa, vijana wa boma wakiwabana pande zote mbili ili wasile nje ya njia. Walifika kwenye chumvi, wakalamba, wakaanza kurudi. Katikati ya shamba wakakuta matrekta yamewazibia. Meneja aliwakamata ng'ombe wote na kuwafungia kwenye uwanja wa mashine, ndani ya uzio wa waya. Kisha akaja ofisini kwetu na vumbi lake.

"Nani ametoa ruhusa hii?"

"Mgeni Rasmi," akasema Ndugu Chilewa. "Ulikuwepo."

"Kwa maandishi gani?"

"Hakuandika. Alikunywa."

Meneja akasema huo ni upuuzi, na kwamba ng'ombe hawatatoka mpaka mzee aahidi kutorudi. Niliwaona ng'ombe wale kesho yake. Mlinzi aliwapa maji kidogo kwa huruma yake mwenyewe, lakini majani hapakuwa, na ndama walikuwa wamelala chini wakiwa wameacha kulia. Mzee Gidabanja alikuwa amekaa nje ya uzio, upande wa jua, fimbo magotini. Nilimwamkia, akaitikia. Nilikasirika siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Shamba lile lilikuwa na nafasi ya kutosha trekta kugeuka bila kuonana na lingine, na lilishindwa kuacha upana wa ng'ombe kadhaa. Nilimwambia Ndugu Chilewa kwamba lazima tuandike barua.

"Utaandika nini?" akaniuliza. "Wana kabati zima la barua." Akatoka nje, akaenda pale wazee walipokusanyika, na nikamsikia akisema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba yeye hajui lolote na hashauri lolote, ila basi la Arusha linaondoka alfajiri, na ofisi ya yule mkubwa iko ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Aliporudi ndani alinituma Arusha kufuatilia pampu. Aliniambia nipande basi hilohilo.

Hivyo nikayaona kwa macho yangu. Mzee Gidabanja na wenzake walikaa chini kwenye ukumbi mbele ya mlango wa kijani, migongo ukutani, fimbo zimelala, kibuyu kitupu katikati. Hawakupiga kelele. Hawakumzuia mtu. Kila aliyepita aliruka miguu yao na kuuliza wanangoja nini, nao wakajibu kwa heshima, "Alikunywa pombe yetu." Basi. Karani akaombwa awaondoe, akashindwa aanzie wapi, kwa sababu walimwamkia vizuri. Mpaka mchana jengo zima lilikuwa na habari kwamba mkubwa fulani amekunywa pombe ya wazee wa Hanang na kukimbia. Wahasibu walishuka kutoka ghorofa ya juu kuja kuona. Mama wa chai alileta chai ya wote bila kuagizwa. Kisha wakaja wafadhili wa ngano, wageni wenye kofia, kwa ajili ya kikao, wakaruka miguu nao, na mmoja akauliza aelezwe wale wazee wana shida gani. Mkalimani wao alieleza ukweli, kwa sababu hakuwa na muda wa kutunga.

Mlango wa kijani ukafunguka haraka sana.

"Wazee wangu," akasema Mgeni Rasmi, "si nilisema litashughulikiwa?"

"Ulisema," Mzee Gidabanja akajibu, akiwa bado amekaa. "Kusema ulisema kabla. Halafu ukanywa. Sisi tumefuata hiyo ya kunywa."

"Lakini huu ni utaratibu mrefu. Kuna mipango, kuna wataalamu."

"Siyo neno. Kama umeshindwa, rudisha asali. Ndiyo desturi. Unapika kama tulivyopika, unajaza kibuyu, tunaondoka, hatukudai. Kibuyu tumekuja nacho."

"Mzee, mimi sijui kupika pombe."

"Tutangoja ujifunze," Mzee Gidabanja akasema. "Si una kiwanda?"

Nilisikia wahasibu wakikohoa ngazini. Mgeni Rasmi alinitazama mimi, na nikajua amekumbuka Landrova. Mimi langu nilishasema. Akarudi ndani, na mlango ukaachwa wazi, kwa hiyo sote tulimsikia kwenye redio ya upepo akimwita meneja. Shamba lilikuwa la serikali, na siku ile yeye aliona ni afadhali kuwa serikali kuliko kuwa mlevi. Akaagiza ng'ombe watolewe na njia iachwe. Meneja aliuliza upana gani. Mgeni Rasmi akatoa kichwa mlangoni akawauliza wazee. Mzee Gidabanja akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, akawaambia wenzake nao wasimame na kunyoosha, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukumbi ukaisha.

"Hivyo," akasema. "Ni pembe mbili. Kwenda na kurudi."

Waliporudi walikuta ndama wengine wamekufa. Hilo nalitaja kwa sababu katika hadithi za namna hii watu hupenda kucheka mpaka mwisho. Mzee hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio kutazama waliobaki, akawataja kwa majina.

Kiwanda chenyewe hakikutoa hata chupa moja. Pampu ilikuja baada ya muda mrefu na haikuingia kwenye mapipa yale. Lebo zilikuja kabla yake, nzuri, za rangi, zenye picha ya mlima, na Mama Paskali alizitumia kuzibia mitungi. Aliendelea kupika juu ya udongo wake mpaka alipozeeka. Pipa moja Mzee Gidabanja alikuja kuliomba, na Ndugu Chilewa akampa bila kuuliza mtu. Likalazwa kando ya njia, likawa birika la kunyweshea ndama. Ndilo pipa pekee la mradi lililowahi kutumika. Ndugu Chilewa alihamishwa mwaka uliofuata kwenda mahali pasipo na pombe, na akaniachia kijiti cha kioo pamoja na soksi yake. Alifia kwao, nami nilikwenda kumzika.

Nilifanya kazi nyingine nyingi baada ya hapo, za mashine za alizeti, za asali, za mafundi seremala. Mashamba ya ngano yalikufa taratibu, matrekta yakaota nyasi kwenye matairi, ardhi ikagawanywa na kugombaniwa upya. Mzee Gidabanja naye alifariki. Lakini mkipanda mlima asubuhi isiyo na mawingu mkatazama magharibi, mtaiona njia, imenyooka, nyeupe kwa vumbi la kwato. Sijui kitu kingine kilichotoka kwenye ruzuku ile ambacho mtu anaweza kukiona.

Sasa nifike kwenye sababu. Mwezi uliopita alinijia Samweli, mwana wa Mzee Gidabanja, mtu mzima mwenye mvi. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa. Alikuwa na simu mkononi na kibuyu kwapani. Kwenye simu alinionyesha picha: vigingi vyenye rangi nyekundu, vimekitwa mstari kukatiza njia, na birika la baba yake limeviringishwa pembeni. Imekuja ruzuku mpya, akasema, ya kuinua mvinyo wa asali, na mkandarasi amepima pale kwa sababu ramani inaonyesha ni mahali patupu. Waliosaini ni idara yenu, vijana wangu. Najua hamkujua. Hata wale wa kwanza, wa ngano, walisema hawakujua.

Kisha akafungua kibuyu, akajaza pembe, akanipa.

"Mama," akasema, "unajua mimi naomba nini."

Nilijua. Nilijua pia kwamba naruhusiwa kuacha na hakuna atakayenikasirikia. Nilimfikiria baba yangu, mzee wa kanisa. Nilimfikiria Mzee Gidabanja nje ya uzio, upande wa jua. Nikaishika pembe kwa mikono miwili. Ni tamu mwanzoni, halafu inaunguza, na si kitu cha kuachia katikati.

Kang'oeni vile vigingi. Nimeshakunywa, tena mpaka chini.